Waya, dishi au kompyuta: uanzie wapi redio ya ridhaa ukiwa Mbeya au Makete

Wiki moja niliulizwa swali lilelile na watu wawili wasiofahamiana. Wa kwanza ni kijana fundi simu wa Mwanjelwa, amepanga chumba kimoja Soweto ya Mbeya. Tulikutana kituoni Kabwe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kazi?"

"Kazi ipo mwalimu. Nataka niingie kwenye redio ya ridhaa. Hela ninayo kidogo. Ninunue nini?"

Wa pili ni dada muuguzi, yuko zahanati moja upande wa Makete. Yeye alipiga simu. Tukasalimiana, tukaulizana baridi, viazi na watoto, halafu akauliza hilohilo. Kijana nilimwambia atafute dishi la setilaiti. Dada nilimwambia atafute waya wa antena. Mke wangu, aliyesikia majibu yote mawili, akasema nababaisha watu. Haya maandishi ni utetezi wangu.

Kwa ambaye neno ni geni, ridhaa hapa ni ileile ya ngumi za ridhaa: unaingia ulingoni na hulipwi. Una leseni, una alama ya wito ambayo ndiyo jina lako hewani, una mtambo wako mwenyewe wa kupokea na kurusha, na hutakiwi kuutumia kwa biashara. Alama za Tanzania huanza na 5H. Enzi za mkoloni Tanganyika ilikuwa VQ3. Watu wa rika langu mikoa hii walimjua kwanza binamu yake, simu ya upepo, au redio koli kama tulivyozoea kuiita, iliyokuwa ikikoroma kwenye ofisi za misheni na magari ya hifadhi. Ile ilikuwa kazi ya watu. Huyu wa ridhaa hana aliyemtuma.

Kelele kwanza, bei baadaye

Nilikulia Kihesa, Iringa. Baba alikuwa na redio ya masafa mafupi iliyokula betri za National, na zikichoka tulizianika juu ya bati zipate uhai wa siku mbili tatu. Usiku nikizungusha kitufe pembeni ya mita bendi 41 nilikuta sauti za watu waliobanwa pua, kama bata wanaogombana. Nilidhani redio inaumwa. Kumbe wale walikuwa wanaridhaa kwenye bendi yao (kipande chao cha masafa) ya mita 40, jirani kabisa na ile ya matangazo, wakirusha kwa namna ya kubana sauti ambayo redio ya kawaida haiwezi kuinyoosha.

Ukiwasha redio ya aina hiyo leo palepale Kihesa, unachosikia kwanza ni mngurumo. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu, inveta, king'amuzi cha jirani: vyote vina saketi inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unamwaga uchafu kwenye masafa mafupi. Wakati wa wazee chombo kilitafutwa kwa miaka na hewa safi ilikuwa bure. Sasa chombo kinapanda basi Dar jioni na asubuhi kiko Mbeya, lakini hewa safi inabidi uifuate ilipo.

Ndiyo maana sikumuuliza kijana wala dada wana shilingi ngapi. Niliwauliza: unapolala pana kelele kiasi gani? Jaribio lake ni rahisi. Azima redio ya betri yenye masafa mafupi, zunguka nayo nyumbani usiku, kisha zima swichi kuu ya umeme usikilize tena. Mngurumo ukifa, adui yuko ndani ya nyumba yako na unaweza kumfukuza. Usipokufa, adui ni mtaa mzima. Kijana wa Soweto ana gereji la kuchomelea mkono wa kulia na saluni mkono wa kushoto. Dada wa Makete ana ukungu.

Morse au FT8

Hapa ndipo watu wanapogombana, na mimi nina upande wangu, nausema mapema: napenda Morse, ile ya kugonga herufi kwa nukta na mistari.

Hadi 2003 kanuni za kimataifa za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zilimtaka mwanaridhaa ajue Morse kabla ya kurusha chini ya megahezi 30. Mkutano wa Geneva wa mwaka huo uliondoa sharti hilo na kuiachia kila nchi iamue. Marekani ililifuta kabisa 2007. Wazee walilalamika kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mlango ulipanuka, na wengi walioingia walikuja na kompyuta mkononi.

Kilichowafaa zaidi ni FT8, namna ya kurusha ujumbe mfupi kwa kompyuta, iliyotoka 2017. Walioitunga ni Joe Taylor na Steve Franke, na Taylor huyo ndiye aliyepewa Nobeli ya fizikia ya 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua nyota pulsa iliyo kwenye jozi. Mtu aliyezoea kunyofoa ishara hafifu za nyota kutoka kwenye kelele za anga aliamua kuwafanyia wanaridhaa kazi ileile. Redio inaunganishwa na kompyuta. Muda unagawanywa vipande vya sekunde 15. Unarusha sekunde 12.6, kompyuta inafumbua, mwenzako anajibu kwenye kipande kinachofuata. Ishara ina upana wa hezi 50 tu, wakati sauti ya mtu huchukua hezi 2,500 hivi. Nguvu ikibanwa kwenye upana mdogo namna hiyo, kompyuta inasoma ishara ambayo sikio lako halijui hata kama ipo. Kwa wati 5 na waya wa mita 10 unakaa Uyole ukitazama Italia, Afrika Kusini na Japani zikipangana kwenye skrini.

Na mnaambiana nini? Alama yako ya wito, mraba wako wa ramani (jiji la Mbeya liko KI61, Iringa mjini KI72), namba inayoonyesha ishara imefika na nguvu gani, kwaheri. Basi. Ni kama madereva wa malori ya Tunduma wanavyopigiana honi: mmetambuana, kila mtu na safari yake. Mwaka mmoja wa FT8 ulinipa nchi nyingi kuliko nilizopata miaka yote ya Morse, ila nikiulizwa niliongea na nani inabidi nifungue orodha.

Morse inakudai kwanza, inakulipa baadaye. Tenga nusu saa kila siku kwa miezi minne hivi, na usiikariri kwa nukta na mistari kwenye karatasi. Jifunze kwa sauti, herufi ikiwa wimbo wake, vinginevyo utakwama kwenye mwendo wa kobe. Sisi wa 5H tuna mtihani wa ziada. Tarakimu 5 ni nukta tano, herufi H ni nukta nne, kwa hiyo kila Mtanzania anajitambulisha kwa nukta tisa mfululizo. Pumziko katikati likiwa fupi mno, wa Ulaya anasikia mtu anagonga mlango. Nilisumbuka nalo muda mrefu, nikajibiwa kwa alama za nchi nisizozijua, mpaka nilipojifunza kupumua kidogo baada ya ile nukta ya tano.

Lakini tuache mapenzi, tuangalie betri. Redio ndogo ya Morse ya wati 5 ikiwa inasikiliza tu hunywa umeme kidogo kuliko taa moja ya sola, na betri ya bodaboda inaiendesha usiku kucha. Ukichagua FT8 lazima uongeze kompyuta, na kompyuta mpakato hunywa kuliko redio yenyewe. Tena FT8 inadai saa sahihi: kompyuta yako ikipotea zaidi ya sekunde moja au mbili, hamsomani. Mjini intaneti inarekebisha saa bila wewe kujua. Makete siku mtandao umelala unahitaji kidude cha GPS, vinginevyo unarusha kwa bidii na hakuna anayekuelewa. Na kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi: FT8 hurusha kwa nguvu zote mfululizo kwa sekunde zile 12.6, tofauti na sauti au Morse zenye mapumziko ndani yake, kwa hiyo redio iliyoandikwa wati 20 punguza hadi 10 kabla haijachemka.

Kwa hiyo dada wa Makete: Morse, kwa waya, kwa betri, na FT8 aiongeze baadaye akitaka. Angekuwa na haraka ya kupata matokeo ningemshauri kinyume chake, maana FT8 inakupa nchi ya kwanza jioni ileile unayowasha. Lakini alisema usiku wa huko ni mrefu na baridi, hana pa kwenda. Mtu mwenye usiku mrefu usimnyime Morse.

Kijana wa Soweto je, FT8 si ingemfaa penye kelele? Ingemfaa kuliko sauti, kweli. Ila kelele za gereji zinafunika ishara kwa kompyuta kama zinavyoifunika kwa sikio. Anayemrushia kwa wati 5 kutoka mbali atamezwa tu. Kwake nilikuwa na wazo lingine.

Waya au dishi

Tarehe 12 Desemba 1961, siku tatu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wanaridhaa wa Marekani walipata setilaiti yao ya kwanza angani, OSCAR 1. Iliomba nafasi kwenye roketi ya wengine kama abiria wa kupewa lifti, na kazi yake ilikuwa kurusha herufi mbili za Morse, H na I, hadi betri zilipokata baada ya wiki tatu hivi. Kwa miongo mingi iliyofuata setilaiti za ridhaa zilikuwa za kukimbizana nazo: inachomoza, inapita juu kwa dakika kumi na kitu, inazama.

Tarehe 15 Novemba 2018 ikarushwa Es'hail-2 ya Qatar, setilaiti ya televisheni iliyobeba ndani yake mtambo wa wanaridhaa unaoitwa QO-100. Hiyo haikimbii. Iko juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 25.9 mashariki, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na inaiona dunia kuanzia Brazili hadi Thailandi. Ukichukua ramani utaona nyuzi 25.9 ni katikati ya Kongo, mlango wa pili kutoka kwetu. Ukiwa Mbeya dishi linatazama kaskazini-magharibi na limeinuka nyuzi 76. Iringa nyuzi 75. Kwa lugha ya fundi dishi, linatazama karibu utosini. Mzungu wa kaskazini mwa Ulaya analazimika kulenga chini juu ya paa za majirani na kukata miti. Wewe unaweza kuliweka ndani ya ua wenye kuta pande zote, jirani hata asijue.

Na kelele za gereji? QO-100 inashuka kwenye megahezi 10,489 na ushee, mbali sana na masafa mafupi ambako taa za LED zinafanya fujo. Huko juu kumetulia. Hakuna kusubiri jua, hakuna usiku wala mchana. Mvua kubwa inapunguza ishara kidogo, kama inavyofanya kwenye king'amuzi chako, kisha inarudi.

Kupokea ni rahisi kwa kiasi cha kuchekesha. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba vidude vya USB vya kutazamia televisheni, vile vyenye chipu ya Realtek RTL2832U, vinaweza kugeuzwa risiva ya karibu kila kitu kati ya megahezi 24 na 1,700. LNB ya kawaida, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, inashusha ishara ya QO-100 hadi megahezi 739 na nusu, humohumo ndani ya uwezo wa kidude. Dishi la sentimita 80 lisilo tena na king'amuzi, LNB, kidude, kompyuta: unasikia Ulaya na Afrika zikiongea kama wako chumba cha pili. Tahadhari mbili. LNB inataka volti 13 kupitia waya uleule wa dishi, na kidude hakitoi hizo. Nunua kiunganishi cha kuingiza umeme chenye kinga, usije ukakiunguza. Na LNB ya bei nafuu hupepesuka kadiri jua linavyoipasha, kwa hiyo asubuhi utakuwa ukisahihisha masafa kila dakika kama mtu anayefukuza kuku.

Kurusha ndiko kwenye gharama. Lazima upande kwa megahezi 2,400, masafa ya majirani wa Wi-Fi, na hapo unahitaji kibadili masafa, kikuza nguvu cha wati chache na kichwa maalumu cha dishi. Wapo wanaogeuza vikuza nguvu vya Wi-Fi, na fundi simu mwenye mikono mizuri hashindwi. Ndiyo sababu nyingine nilimpeleka huko kijana: kulehemu vijidude vidogo kuliko punje ya mchele ndiyo kazi yake ya kila siku. Ningempa dada kazi hiyo angenilaani.

Hasara ya dishi ni kwamba uwanja wake una mipaka. Marekani huipati, Japani huipati, hata ufanye nini. Na mshangao haupo. Waya una mshangao.

Waya wa bendi ya mita 20 una urefu wa mita 10 kwa jumla, mita tano kila upande. Wa mita 40 ni mara mbili yake. Hakuna antena ya bei ndogo kuliko hiyo, na Nyanda za Juu Mungu ametupa nguzo. Mufindi kuna mikaratusi na misindano inayopita paa la ghorofa. Makete na Njombe kuna mianzi, na mwanzi wa mita nane ni mwepesi, haupitishi umeme wa redio, na unasimikwa na watu wawili. Muulize mwenye shamba kwanza. Mwanzi unaogemwa ulanzi haukatwi kwa ajili ya antena, utagombana na kijiji.

Watu huniambia, mwalimu, huko juu mnakokaa lazima redio zinafika mbali. Kwa masafa mafupi mwinuko wa Mbeya, mita 1,700, haukupi kitu kikubwa, kwa sababu mawimbi yanakwenda kugonga ionosfia, tabaka la anga lililo kilomita 250 au zaidi juu yetu na kurudi. Kilomita moja na nusu ya mlima ni mate tu. Na wakati mwingine unachotaka ni kinyume cha kwenda mbali. Ukifunga waya wa mita 40 chini, mita nne au tano tu kutoka ardhini, mawimbi yanapanda wima na kumwagika kama mwavuli wa kilomita mia kadhaa. Milima haimo kwenye njia, yanaipitia juu. Hivyo ndivyo Mbeya inavyoongea na Iringa mchana, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, kwa wati ambazo hazitoshi kuwasha taa ya jikoni. Watu wa misheni walijua hilo miaka mingi kabla ya minara ya simu.

Waya una misimu. Kuanzia Novemba hadi Aprili ngurumo za Rungwe na za ziwani zinapasuka masikioni hata ukiwa mbali nazo, na bendi za chini zinachosha. Kuna msimu mwingine mrefu zaidi, mzunguko wa jua wa miaka 11 hivi. Jua likiwa na madoa mengi, bendi ya mita 10 inavuka bahari kwa nguvu ya tochi, yakipungua, inanyamaza. Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba mzunguko wa sasa, wa 25, umefikia kilele chake. Miaka inayokuja ni ya mteremko, hivyo anayeanza sasa aweke tegemeo kwenye mita 20, 30 na 40, asinunue kitu cha mita 10 peke yake kwa sababu ya hadithi za 2024.

Radi ni jambo zito. Mikoa yetu inapigwa. Waya uchomolewe kwenye redio na kutupwa nje ya dirisha kabla mawingu hayajafika, si baada ya kusikia ngurumo. Usiurushe waya juu ya nyaya za umeme wala karibu nazo. Iringa, ambako nusu ya viwanja ni mwamba, kupigilia fimbo ya ati, ile ya kupeleka umeme ardhini, ni ndoto. Wenzangu huzika nyaya ndefu kwenye udongo ule mchache uliopo, kama mizizi.

Redio ya mkononi

Nitapita haraka. Baofeng UV-5R ilipotoka 2012 iliangusha bei, na leo ndiyo wengi wanaanza nayo kwa sababu inauzwa chini ya dola 40. Mimi sishauri iwe ya kwanza. Inakwenda kama tochi: mlima ukisimama mbele, umekwisha. Kwa hiyo inataka mwenzako awe karibu, au ripita, mtambo wa kupokea na kurusha upya, iwe kileleni, na wanaridhaa kwetu ni wachache. Kwa mwanaridhaa aliye peke yake wilayani ni simu isiyo na mtu wa kumpigia. Kizuri chake ni kimoja: kwenye megahezi 145.800 utasikia kituo cha anga cha kimataifa kikipita juu siku wanaanga wanapoongea na shule au kurusha picha, na programu ya simu inazifumbua. Mpe mwanafunzi wa sekondari asikilize hilo mara moja uone.

Ubaya wake ni kwamba zinafunguka kurusha kwenye masafa ya watu wengine pia, polisi na makampuni wakiwemo. Kidole kikiteleza huko, utalala kituoni.

Chombo cha mzee au kipya

Mara kwa mara mtu anajitokeza na redio ya zamani, tuseme Yaesu FT-101 ya miaka ya 1970, imetoka kwenye stoo fulani, na anaulizwa hela ndogo. Inavutia. Nzito kama mfuko wa saruji, inanukia joto, na ndani kila kipande unakiona kwa macho, fundi redio wa Mwanjelwa anaweza kukigusa na kukibadili. Hapo watu husema ya zamani inatengenezeka. Ni kweli nusu. Vipande vidogo vinapatikana hata kwenye redio mbovu sokoni, lakini hatua yake ya mwisho ya kurusha inatumia valvu za kioo, na hizo zikifa huzipati Mbeya wala Dar. Ndani yake mna volti mia kadhaa zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya kuzima. Sinunui kwa anayeanza.

Redio mpya ya wati 20 inaingia kwenye mkoba wa shule na ina skrini inayoonyesha bendi nzima. Ikiharibika ndani, umekwisha. Katikati ya hizo mbili kuna vifurushi vya kujilehemu mwenyewe, redio ya Morse ya bendi moja ya wati 5, vipande vyote kwenye mfuko pamoja na maelekezo. Ukiijenga wewe, ukiiharibu wewe unajua pa kushika. Yangu niliiharibu siku ya pili kwa kugeuza waya wa betri, chanya kwenye hasi. Nikaitengeneza siku ya tatu.

Kadi za QSL, zile za posta mwanaridhaa anazomtumia mwenzake kuthibitisha walikutana, bado zipo. Zamani zilikuja kwa sanduku la posta miezi sita au mwaka baadaye, zikiwa na stempu nzuri. Tangu 2003 kuna orodha ya mtandaoni ya Logbook of the World inayothibitisha siku hiyohiyo. Ukiwa na alama ya 5H utaombwa zote mbili, hivyo tenga bajeti ya stempu.

Leseni, kabla ya hela

Vyovyote utakavyochagua, mlango wa kwanza ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, na Iringa, Njombe na Makete ni humohumo. Nenda na jina la chombo unachotaka kabla ya kukilipia, uulize leseni na utaratibu wa kukiingiza nchini, kwa sababu mtambo wa kurusha hauingii kama pasi ya nguo. Wakati unasubiri karatasi, sikiliza. Huhitaji hata antena: Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina risiva kwenye intaneti inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na Goonhilly, Uingereza, kuna nyingine ya QO-100 yenyewe. Kaa nazo jioni mbili kwa bando dogo, uone kama masikio yako yanapenda Morse, sauti za watu au skrini.

Kijana alifanya hivyo kabla sijamaliza kumshauri. Dada bado anajifunza. Wiki iliyopita alinitumia sauti akipuliza mdomoni nukta tisa, pumziko likiwa mahali pake. Dishi la Soweto limeshasimama kwenye ua, linatazama juu kama linaomba mvua, na baba mwenye nyumba amekuja mara mbili kuuliza kama linashika mechi ya Simba na Yanga.